Kwa Nini Digidigi Hasalimii

Paukwa!

Pakawa!

Mpo wote?

Tupo, masikio wazi.

Basi, hapo kale wanyama wa Bondeni walikuwa na adabu, adabu mpaka ikazidi. Kwao ukiulizwa habari unajibu "njema" kwanza, hata kama nyumba yako inaungua. Baya lolote linangoja nyuma, linakuja na "ila". Kisima chao kilikuwa kimoja, na kata ya kunywea moja, kila mdomo uliigusa.

Siku moja Digidigi alirudi mbio kutoka ng'ambo ya kilima. Huko aliona kikohozi kikavu kinachopita na kata, mdomo hadi mdomo, na nyumba tatu zimebaki tupu. Alimkimbilia dada yake, ndugu pekee aliyebaki naye duniani.

Akafika kwanza kwa Nyati, jumbe wa Bondeni.

"Hodi."

"Karibu. Habari za utokako?"

"Njema, Jumbe. Ila..."

Nyati alikwishawageukia wazee wake. "Mmesikia? Njema. Nendeni mkapumzike."

Akaenda kwa Ngiri, mlinzi wa kisima.

"Habari za utokako?"

"Njema, kaka. Ila kuna kikohozi. Ifiche hiyo kata."

Ngiri akakunja uso. "Jumbe kasema njema. Nikiificha, nitasema nimepewa idhini na nani?"

Dada yake alikuwa palepale kisimani, kata ameshaijaza.

"Habari za utokako, mdogo wangu?"

"Njema, dada."

Ile "ila" alikuwa nayo mdomoni, lakini dada alishaipeleka kata mdomoni, na kwao anayekunywa hakatizwi. Akangoja. Dada akanywa mpaka tone la mwisho.

Siku ya tatu dada akakohoa. Siku ya sita Bonde zima likakohoa. Siku ya tisa Digidigi akamzika dada yake. Alijuta, jamani, alijuta mpaka chakula kikamshinda.

Nyati akaja kuhani msiba. "Digidigi, kumbe ulijua. Mbona hukutuambia?"

"Nilikuambia, Jumbe. Ulichukua njema, ukaniachia ila. Dada yangu ndiye sikumwambia kitu. Nilingoja amalize kunywa."

Nyati akainamisha kichwa.

Kesho yake Digidigi akapita mlango kwa mlango. Hakupiga hodi. Walipomuuliza habari za asubuhi hakujibu njema. Alipiga mluzi mkali, akasema, "Mbaya. Kila mtu na kata yake." Safari hii walimsikia wote, hata Ngiri. Kikohozi kikapungua, kikaisha, ingawa makaburi yalikuwa mengi.

Ndiyo maana mpaka leo, ukimkaribia digidigi porini, hakusalimii. Anapiga mluzi kwanza, wenzake wakimbie. Watu humwona hana adabu. Mimi nasema anayekupenda atakushtua kwanza, salamu zitafuata.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkiniuliza habari zangu, njema. Ila moshi wa moto huu unanitoa machozi.