Kitambaa cha Bulbuli

Inasimuliwa na waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji wa Nishapuri aliishi mja mnyenyekevu aitwaye Dhakwani, mfunza ndege. Desturi ya kazi yake ilikuwa kulifunika tundu la bulbuli kwa kitambaa cheusi, maana ndege huyo, asipoiona dunia, huimba hadi mpita njia akasahau alikokuwa akienda.

Nduguye Thabiti alikuwa kifungoni kwa kusingiziwa wizi wa farasi. Dhakwani alikwisha kushuhudia kwamba siku ile walishinda pamoja, lakini liwali hakumsadiki. "Ndugu kumtetea nduguye," alisema, "hiyo si shahada, ni mapenzi." Kisha liwali akasikia sifa za bulbuli wa Dhakwani, akatuma neno: amletee Jumamosi asubuhi, na Thabiti atatoka.

Asubuhi hiyo Dhakwani akainua kitambaa amtilie ndege maji. Wimbo ulikuwa umepamba moto, ila mdomo wa ndege wake umefumbwa. Akatega sikio. Sauti ilitoka juu ya mkomamanga wa uani.

Mkewe Umaima akachungulia, akashika kiuno.

"Baba Sahli! Huyu ni jike, na bulbuli jike haimbi. Dume yuko mtini, anamposa!"

"Subhanallah! Miaka ishirini nafunza ndege."

"Na mwezi mzima huu umemfunza bubu."

Dhakwani akaketi chini. Ndege akihamishwa hunyamaza siku kadhaa, nani angejua? Hata kabla hila haijagunduliwa, Thabiti angekuwa nchi nyingine. Uso wa nduguye ukamjia, umekonda. Akajifuta macho kwa kitambaa kile kile cheusi, akabeba tundu.

"Ewe liwali, Mola akuhifadhi," akasema barazani, "huyu haimbi. Aliyekuwa akiimba yuko mtini, wala si wangu. Nilijidanganya mimi kwanza, ndipo nikakudanganya wewe."

Baraza zima likaangua kicheko. Liwali hakucheka.

"Unajua maneno hayo yanambakiza nani kifungoni?"

"Namjua, bwana wangu. Tumenyonya ziwa moja."

Liwali akaligeukia baraza. "Mtu aliyekataa kunidanganya kwa ndege ili nduguye atoke," akasema, "hakunidanganya siku ile aliponiapia. Shahada yako ya mwanzo nimeikubali. Mfungueni."

Wakarudi nyumbani wawili, na Thabiti ndiye aliyelifungua tundu chini ya mkomamanga.

Nasi, jamaa zangu, ni mara ngapi tumesifiwa kwa sauti isiyo yetu, tukaitikia kwa kichwa? Mola atujaalie tuinue kitambaa kwa mikono yetu, kabla hajaja wa kukiinua.