Kitambaa Chekundu cha Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, milango na majirani wa kugombana nao, kisima pekee cha kijiji kilitekwa na wababe wawili, Fisi na Nyati. Ukisogea, Fisi anakung'ata. Ukikimbia, Nyati anakukanyaga.

Bi Pimbi, kimwili hata kikapu hajazi, hakuweza kutulia. Mara mlangoni, mara jikoni, mara mlangoni tena. Mtungi mkavu! Binti yake Chausiku midomo imempasuka kwa kiu, hata kulia hawezi.

"Mama, maji..."

"Yaja, mwanangu, yaja!" Lakini yatoke wapi?

Ghafla akaiona khanga yake nyekundu kwenye kamba. Akaruka. "Ala! Kwa akina Fisi, kitambaa chekundu kikitundikwa, maana yake leo kumechinjwa. Kwa akina Nyati, maana yake nyika inaungua, jiokoe!"

Akainyakua, akakimbia hadi kilima cha mbali, akaparamia mti, akaifunga kileleni. Pepe, pepe, pepe! Kisha akashuka mbio, akajificha majanini karibu na kisima, moyo ukimdunda, du, du, du. Je, wasipotazama?

Fisi akainua kichwa. "Bwana Nyati! Kule wamechinja!"

Nyati akageuka, macho yakamtoka. "Wamechinja nini? Moto ule!"

"Nyama!"

"Moto, we mpumbavu!"

"Basi wewe linda kisima, mimi nikale."

"Nilinde niungue? Thubutu!"

Nyati akatimka upande wa mtoni, gidi, gidi, gidi, vumbi likafunika njia. Fisi naye huyoo, mate yanamtiririka, akielekea kilimani.

"Jamani, tokeni!" Bi Pimbi akapaza sauti. "Kisima kiko wazi!"

Wakamiminika, Swala, Ngiri, Kanga na watoto wao. Chausiku akanywa, akapaliwa, akanywa tena, mama yake akimshika kichwa huku akitazama njiani.

Fisi akarudi akihema, khanga mdomoni. "Nani kanidanganya? Nyama iko wapi?"

"Nani alikwambia kuna nyama?" Bi Pimbi akamuuliza.

Fisi akageuka huku na huku. Akamtafuta Nyati, hayupo. Akaona pembe za Swala na meno ya Ngiri yakimsogelea. Akaitema khanga, akafyata mkia, akaenda zake.

Wanangu, ukiona ishara, usitimue mbio kabla hujajua aliyeiweka amekusudia nini.