Punda Aliyelala Makaburini

Niwape kisa?

Tupe!

Kiko mbali.

Tutakifuata!

Basi hapo kale, wajukuu zangu, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, watu wa Kitaruni walikuwa na msikiti uliobomoka na makaburi ya wazee wao. Kila mwaka kabla ya Ramadhani walifyeka, wakafagia, wakayapaka makaburi chokaa.

Mwaka mmoja akaja Mzungu na sanduku la miguu mitatu. Akajifunika kitambaa cheusi. Watu wakafagia, naye akapiga picha. Watu wakafyeka, naye akapiga picha. Akaenda zake.

Mwezi haukuisha, Bwana Shauri, mkubwa wa serikali, akaita baraza. Yule Mzungu akiwa kando yake, akainua picha.

"Tazameni. Magofu matupu. Hapana mtu. Ardhi hii haina mwenyewe, nitampa mlowezi apande mkonge."

Mkonge juu ya makaburi! Mnasikia, watoto?

Mwana Shali, aliyemzika mama yake pale mwaka uleule, akaichukua picha. Akaitazama, akacheka.

"Bwana, huyu si punda wangu?"

"Ni punda. Kwani nini?"

"Siku ile alikuwa amelala, naye yumo. Sisi tuliokuwa tukifanya kazi hatumo. Sanduku lenu linawaona waliolala tu! Lirudi, nawe uwepo."

Bwana Shauri akatazamana na Mzungu mwenye sanduku. Yule akainamisha kichwa. Basi ikakubaliwa lirudi.

Siku ilipofika, Mwana Shali akampanga kila mtu kando ya kaburi la kwao.

"Leo hakuna kufagia. Kaeni kama bibi harusi anayetazamwa."

"Hata mimi na ndevu zangu?" akauliza Mzee Madi.

"Hasa wewe, mwanangu mwari! Usipepese macho."

Mnajua bibi harusi wa kwetu anavyokaa: hageuki, hacheki, hata nzi akitua puani pake. Wakakaa hivyo. Sanduku likafumbua jicho, likakodoa, likakodoa, likafumba.

Picha ikaletwa barazani. Watu wote wamo, kila mtu na kaburi la kwao. Mzee Madi alipiga chafya, kwa hiyo ana kanzu lakini hana kichwa. Bwana Shauri akaitazama, akaondoka nayo. Habari ya mkonge haikusikika tena Kitaruni.

Na punda? Siku hiyo alikuwa akila majani. Hayumo.

Basi, wajukuu zangu, mtu akiwaonyesha picha ya kwenu akasema hapana watu, muulizeni kwanza sanduku lake haliwaoni akina nani.

Kisa nimekifikisha mlangoni. Anayekipenda na akiingize kwao.