Ua Lisilopandwa

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Mmejibu kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana bibi yangu mzaa mama alikuwapo, palikuwa na kijiji cha mlimani, kijiji cha wakulima. Wakulima hasa! Walijua mahindi, walijua maharage, walijua samadi ya mbuzi na samadi ya ng'ombe. Walijua kila kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yao.

Humo aliishi mjane mmoja, Bibi Mboni. Aliolewa pale akitokea mlima wa pili. Mume akafa, mtoto hakupata, akabaki katika nyumba ya marehemu. Na barazani kwake yalining'inia maua. Si haya mnayoyajua ninyi. Haya aliyaokota msituni, kwenye matawi yaliyoanguka, akayafunga kwa kamba za mgomba: hili kwenye mzinga mkuukuu, hili kwenye kinu kilichopasuka, hili kwenye kipande cha gogo. Mizizi hewani, wazi, bila chembe ya udongo. Yalipochanua, jamani! Moja la manjano, lina madoa kama chui. Moja dogo kama punje ya mchele. Na moja jeupe pe, lenye mkia mrefu, likinukia jioni mpaka wapita njia wanasimama.

Kila asubuhi Bibi Mboni alichovya majani kwenye kibuyu cha maji, akayanyunyizia maua. Nyu, nyu, nyu. Ukimwuliza udongo uko wapi, alicheka.

"Maua yangu hayapandwi, mwanangu. Maua yangu hupanda. Hupanda mti, yakakaa, yakanywa ukungu."

Watu nao wakacheka, kwi kwi kwi. Bibi anacheza na maneno.

Lakini mawingu yakijikusanya, nani alitia mbegu ardhini bila kupita barazani kwake? Hakuna. Mlima ule ulikuwa na mvua ya uongo. Hunyesha siku mbili, mbegu ikaota, kisha jua likaiua. Basi walikuja wakasimama nje.

"Bibi Mboni, tupande?"

Alilitazama ua jeupe. Limefumba. "Bado."

Kesho yake tena. "Bibi Mboni, tupande?"

"Bado."

Mpaka asubuhi ua lilipofunguka.

"Bibi Mboni, tupande?"

"Hesabuni siku saba, mpande."

Siku ya nane, chwaa! Mvua ya kweli. Ikawa hivyo mwaka hata mwaka. Na shukrani yake? Mahindi mawili ya kuchoma, tena yale yaliyoliwa na ndege.

Mwaka mmoja michungwa ya Jumbe Semboja ikaanza kukauka. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji, mtu wa sauti. Akatazama juu, akaona maua ya msituni yameshikilia matawi.

"Kupe!" akapiga kelele. "Mnaona? Kupe wananinyonyea miti!"

Bibi Mboni akaitwa. Akabandua ua moja polepole, akamwonyesha gome.

"Jumbe mwanangu, kupe huacha kidonda. Kidonda kiko wapi? Hili limeomba mahali pa kukaa tu. Chimba shinani, utawakuta mchwa."

Jumbe akamtazama juu mpaka chini. "Kweli, kupe humtetea kupe. Umekula ardhi ya ukoo wa mumeo miaka thelathini. Umetuzalia nani?"

Watu wakacheka, kwi kwi kwi. Nasema watu, na bibi yangu alikuwamo.

 Wakapanda miti, wakayang'oa maua yote, parr! parr! Wakaenda barazani kwake, parr! parr! Wakayachoma palepale uani, na mzinga, na kinu. Likasalia moja, lile jeupe lenye mkia. Alikuwa ameliingiza jikoni kulikinga na upepo, na mwanamume wa kijiji kile haingii jikoni kwa mjane. Michungwa ikakauka vilevile. Mchwa hawana habari na hasira ya jumbe.

Mawingu yakaja. Mnadhani waliona haya? Wakaja!

"Bibi Mboni, tupande?"

Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, na mlango ningefunga. Yeye akaingia jikoni, akatazama, akatoka.

"Bado."

"Bibi Mboni, tupande?"

"Bado."

"Bibi Mboni, tupande?"

"Hesabuni siku saba."

Chwaa! Wakavuna, wakashiba. Na Jumbe akazinduka: kumbe ua moja limebaki, na kumbe ndilo linalosema! Akaenda na wanawake, akawaambia waingie jikoni walitoe. Bibi Mboni alikuwa kitandani, kifua kimembana.

"Ua hili sasa ni la kijiji," Jumbe akasema. "Tutalitunza kuliko wewe."

Bibi Mboni akashikwa na hofu. Akajiinua kwa kiwiko. "Lichukueni, lakini sikilizeni. Ua hili ha... ko, ko, ko... halipandwi. Hu... ko, ko, ko... hupanda."

"Amesema nini?" Jumbe akauliza.

"Amesema panda," akajibu mmoja aliyekuwa mlangoni.

Basi wakapanda! Wakachimba shimo mbele ya nyumba ya Jumbe, wakatia makapu matatu ya samadi ya mbuzi, ile iliyoiva. Mizizi wakaifukia. Wakashindilia, du, du, du. Wakazungusha uzio. Maji asubuhi, maji jioni. Walilipenda, jamani, nisiwasingizie.

Bibi Mboni aliposikia, alijikongoja na mkongojo wake mpaka pale. Akasimama nje ya uzio, akalia mbele za watu.

"Mmelizika hai. Litoeni, mlifunge kwenye gogo. Halijafa bado."

"Bibi," Jumbe akasema, "sisi ni wakulima. Wewe utatufundisha kupanda?"

Kwi kwi kwi.

Akarudi kwake. Mwezi haukwisha, akafariki. Wakamchimbia kaburi, wakashindilia, du, du, du.

Mawingu yakaja. Watu wakasimama mbele ya uzio.

"Tupande?"

Kimya. Majani yamekuwa ya manjano.

"Ongezeni samadi," Jumbe akasema.

"Tupande?"

Kimya. Wakafukua. Mizizi imeoza, inateleza kama bamia iliyolala. Mvua ikanyesha siku mbili, wakapanda kwa furaha, kumbe ndiyo ile ya uongo. Jua likamaliza kila kitu. Wakapanda mbegu za akiba, panya wakazila zikiwa kavu ardhini. Mwaka ule watu walichemsha mizizi ya migomba. Bibi yangu alizika watoto wawili, kabla hajamzaa mama yangu.

Na Jumbe? Jumbe alisema, "Si yeye mwenyewe aliyetuambia panda? Nyote mlisikia."

Watu wakaitikia, "Tulisikia."

Sasa nisikilizeni. Kapu la tatu la samadi alilibeba bibi yangu. Na siku ile ya kikohozi alikuwa amesimama kichwani pa kitanda. Aliniambia uzeeni, macho yakitazama chini: "Mjukuu wangu, mimi nilisikia vizuri. Halipandwi, hupanda. Nilisikia yote mawili. Nikanyamaza, niliogopa nisije nami nikaitwa kupe."

Mnataka funzo? Mtaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo hata wao waliijua, wakiwaimbia watoto wao, wale waliokufa. Mimi langu ni hili: mwenye kitu akikwambia kinavyoishi, mwamini. Na wewe uliyesikia vizuri, sema, hata wakuite kupe.

Hadithi yangu inaishia hapo, kwenye shimo la samadi. Ingekuwa njema ningewaachia yote. Ni mbaya, basi tugawane.