Mbuzi wa Mzee Ambindwile na Kabichi za Kipupwe

Hii isome mpaka mwisho, kisha mtumie yule jamaa yako asiyekubali kushindwa ubishi. Unamjua.

Huko juu Rungwe, kunakolimwa viazi, alikuwepo Mzee Ambindwile, mtu wa kukereka. Alikereka na kuku, alikereka na redio, na mwaka ule alikereka zaidi na mkamwana wake, Tusekile, mke wa mwanawe.

Kisa? Kabichi.

Maisha yake yote mzee aliamini kwamba viazi vikishavunwa na kipupwe kikiingia, mwenye akili anakaa jikoni anaota moto. Bustani ya bondeni inalala mpaka mvua zirudi. Sasa huyu binti kaolewa juzi tu, mume wake karudi kazini kwenye mashamba ya chai, naye huyo kashuka bondeni na jembe. Kapanda kabichi, karoti, njegere na spinachi. Kwenye baridi! Kila jioni anafunika miche kwa nyasi, kila asubuhi anaifunua ipate jua.

"Mwambie anacheza," mzee alimwambia mkewe, Bibi Subilaga.

Ilibidi amtume, kwa sababu kwa desturi ya kwao mkamwana hasemi na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, na akimwona njiani anakata kona. Kila neno lilipita kwa Bibi.

"Baba anasema baridi itaua mboga zako."

"Mwambie baba hizi ndizo mboga zinazopenda baridi. Jua kali ndilo linaloziharibu."

"Mzee, anasema jua kali ndilo..."

"Nimesikia! Mwambie kazaliwa juzi!"

Basi Bibi alikuwa anashuka na kupanda kilima kutwa, mgonjwa wa maneno yasiyo yake. Njegere za kwanza zilipoiva, mzee alikula sahani mbili, akasema chumvi imezidi.

Kisha akagundua kwamba nyasi zinazofunika kabichi ni zile alizokata yeye za kuezekea banda la mbuzi. Hapo hasira zilimpanda kweli kweli.

"Mwambie azirudishe zote! Akigusa tena hata unyasi mmoja, bustani hiyo naifanya ya kufyatulia matofali!"

Tusekile akazirudisha zote, akazipanga vizuri. Mzee akaezeka banda siku ile ile, ingawa paa la zamani lilikuwa bado linafaa.

Kesho yake asubuhi Bibi Subilaga alifunga khanga.

"Dada yangu kule Kyela anaumwa. Naenda kumwona."

Akaenda zake.

Jioni mzee alitoka nje, akatazama juu. Hakuna wingu. Hakuna upepo wa kutikisa hata jani. Vifundo vya miguu vikaanza kumuuma. Mkulima wa viazi anaijua jioni ya namna hiyo: umande utaganda, na kila kilicho wazi kitaungua. Na kule bondeni kabichi zilikuwa wazi, ndiyo kwanza zinaanza kufunga vichwa.

Mzee akatabasamu. Kesho atakuwa ameshinda! Kisha akazikumbuka zile sahani mbili za njegere. Akakumbuka ghalani kuna nini: viazi na maharage, maharage na viazi, mpaka mvua zirudi. Tabasamu likaisha.

"Loh! Nimekwisha."

Tusekile alikuwa anafagia nyuma ya jiko. Kumwita haiwezekani. Mzee akageukia bandani, akamkazia macho mbuzi.

"Wewe mbuzi! Leo umande utaganda. Mwenye kabichi akazifunike!"

Ufagio ukanyamaza.

"Mbuzi," sauti ikajibu kutoka nyuma ya jiko, "mwambie baba nyasi nilizirudisha kama alivyoagiza."

"Mbuzi, mwambie azichukue!"

"Mbuzi, mkumbushe baba. Nikigusa hata unyasi mmoja, bustani inakuwa ya matofali."

Mzee alishika kichwa. "Jamani! Mbuzi, huyu mtoto kamrithi nani kwa ubishi?"

"Mbuzi, mwambie baba sijui. Nimeukuta hapa hapa."

Mbuzi alikuwa anacheua tu.

Jua lilikuwa linazama. Mzee alipanda juu ya banda lake, akaanza kuling'oa paa jipya kwa mikono yake mwenyewe, akizitupa nyasi chini kwa hasira, akiilaani baridi, akizilaani kabichi, akimlaani na dada wa Kyela. Tusekile alizikusanya akiwa amempa mgongo. Wakashuka bondeni, kila mmoja akaanzia upande wake, wakafunika bila kutazamana mpaka tuta la mwisho.

Asubuhi bonde lote lilikuwa jeupe. Mzee akainua nyasi kwa kidole, roho mkononi. Kabichi ilikuwa ya kijani, nzima. Akafunua nyingine, nayo nzima. Akakaa chini kwenye tuta akashusha pumzi.

Hapo akamwona Bibi Subilaga anakuja. Lakini hakutokea njia ya stendi. Alitokea kwa jirani wa ng'ambo, kajitanda blanketi.

"Umesharudi Kyela? Dada anaendeleaje?"

"Dada haumwi," Bibi akasema. "Mgonjwa nilikuwa mimi, wa kubeba maneno yenu. Nimelala kwa Mama Atufigwege, tena usingizi mzuri. Nilitaka nione mtaongeaje bila mimi."

"Ukaona?"

"Nione nini? Kijiji kizima kimesikia mnavyomtuma mbuzi."

Mzee alikohoa. Tusekile alikuwa upande wa pili wa bustani, anafunua karoti, uso kauinamisha.

"Basi mwambie..." mzee alianza.

Bibi akainua mkono. "Mtafute mbuzi."

Mzee akapanda kilima akinung'unika. Mbuzi alikuwa anatetemeka katika banda lisilo na paa. Mzee akavua koti lake, akamfunika. Kisha akapaza sauti isikike mpaka bondeni.

"Mbuzi! Mwambie mwanangu leo apike kabichi. Na zile njegere, chumvi ilikuwa sawa."

Funzo: Kabla hujaombea mwenzako wa nyumbani ashindwe, kumbuka mnakula sufuria moja. Akishindwa yeye, na wewe utalala njaa.