Kifaru Matangani

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa wakiezeka nyumba na kuzikana kama sisi, jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwa Kindi lilikuwa ubishi mdogo juu ya mtama. Mkewe, Bi Mize, alikuwa ameuanika uani. Majivu yakaanza kuudondokea, laini, meupe.

"Tuuhamishe," alisema Bi Mize, akakohoa. Kho, kho, kho.

"Tutauhamisha kesho. Leo pumzika."

"Wewe na kesho yako."

Kesho yake Bi Mize hakuamka.

Majivu yale yalitoka kilimani, kwenye tanuri la chokaa la Kifaru. Mawe yalichomwa humo bila kupumzika, na kuni zake zilikuwa miti ya bonde zima. Kifaru mwenyewe aliishi ng'ambo ya kilima, ambako moshi haukuelekea. Wanyama wadogo wa bondeni walipomlalamikia, aliwajibu, "Moshi haufiki huko kwenu. Mna vifua vibovu tangu kwa babu zenu." Mtu akifiwa bondeni, Kifaru alituma gunia la mchele. Mwenyewe hakuja hata siku moja.

Bondeni kulikuwa kumebaki mivule michache tu, mali ya Bi Mize, aliyorithi kwa mama yake. Humo ndimo walimohamia wadogo wote baada ya miti yao kukatwa.

Basi siku ya maziko Kifaru alikuja, pamoja na Nyati, msimamizi wa tanuri. Kindi alijua kilichowaleta.

"Pole, Kindi."

"Nimeshapoa, bwana."

"Mungu amlaze pema. Sasa, ile mivule. Mwenyewe ameondoka, na mimi nina kuni za siku tatu tu. Nitaichukua."

Kumzuia Kifaru kwa nguvu hakuweza. Lakini hata Kifaru aliogopa kusemwa kwamba amekula mali ya maiti.

"Chukua, bwana," alisema Kindi. "Desturi ya bondeni unaijua. Anayetaka mali ya marehemu hukaa matanga siku tatu, kwenye mkeka wa marehemu. Hula tunachokula, hunywa tunachokunywa. Akiondoka kabla ya dua ya mwisho, mali humpita."

Komba, jirani yake, alifungua mdomo. Kindi akamkanyaga mkia.

"Naijua sana," alisema Kifaru, aliyeona haya kukiri kwamba hajawahi kuisikia. "Siku tatu ni nini? Nyati, rudi ukachochee. Tanuri lisizimwe."

Siku ya kwanza Kifaru alitania. "Mbona mmekunja nyuso? Hii ni harufu ya chokaa ya nyumba mpya."

"Basi vuta vizuri, bwana," alisema Komba. "Usituachie peke yetu."

Alfajiri ya siku ya pili hewa ya baridi iliuteremsha moshi bondeni, ukatulia pale pale kama mgeni asiye na haraka. Macho ya Kifaru yakavimba. Akaomba maji, wakamletea bakuli.

"Mimi nimeomba maji. Mbona mnaniletea maziwa?"

"Ni maji ya mto, bwana. Vumbi la chokaa yako huingia humo."

"Hamna mengine?"

"Tangu tanuri lije, hatuna mengine."

Akanywa kidogo, akatema. Pfu.

Siku ya tatu pembe zake zilikuwa nyeupe kwa majivu. Kho, kho, kho, hata ukuta wa Kindi ukatikisika. Akaagiza Nyati aitwe, na Nyati akaja mbele ya waombolezaji wote.

"Zima tanuri."

"Bwana, wewe mwenyewe ulisema lisizimwe. Nikawape wafanyakazi sababu gani?"

"Waambie moshi unaniua."

Uani hakuna aliyejikuna.

"Moshi upi, bwana?" aliuliza Kindi kwa upole.

Kifaru akakohoa tena.

"Hata nikilizima sasa hivi," alisema Nyati, "litafuka siku mbili kabla ya kupoa."

Kifaru akautazama mkeka. Akaitazama mivule. Kisha akainuka, gudu, gudu, gudu, akapanda kilima kabla ya dua kusomwa. Mivule ikampita. Jioni ile kuni zikaisha, na tanuri halikuwashwa tena.

"Mwenzangu," alisema Komba, "ile desturi umeitoa wapi? Nimezaliwa hapa, sijaisikia."

"Angekuja kutuzika hata mara moja, naye angejua kwamba haipo."

Komba alicheka. Kindi hakucheka.

Basi wanangu, anayewasha moto na alale kwanza upande unaokwenda moshi wake, ndipo aseme kama haudhuru.

Tanuri lilipoa baada ya siku mbili, kama alivyosema Nyati. Asubuhi iliyofuata Kindi alitoa matambara aliyokuwa ameyasokomeza kwenye dirisha la chumba mwaka mzima, akalifungua dirisha, akakaa upande wake wa kitanda, ule wa Bi Mize ukiwa mtupu, akavuta pumzi.