Kopo Alilokoholewa Tausi

Hapo zamani, na zamani gani, muhula uliopita tu, msinitolee macho, palikuwa na wilaya ya mjini yenye shule kumi na moja na muuguzi mmoja. Mmoja! Wenye vyeti vya uuguzi wamejaa vijiweni wanacheza bao, ukiuliza unaambiwa bajeti, my friend, bajeti.

Muuguzi huyo, Sista Kalunde, alifika shuleni kwa kina Semeni kupima kifua kikuu. Akagawa makopo yenye majina. "Nendeni nyuma ya jengo. Kohoeni kutoka ndani kabisa, sitaki mate." Hakwenda nao. Shule nyingine ilikuwa inamsubiri.

Nyuma ya jengo Tausi akamshika Semeni mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Shoga, nikoholee."

"Nini?"

"Kohoa kwenye kopo langu, wewe mzima. Si umemsikia Mwalimu Mkuu? Mwenye TB asikanyage darasa la saba. Mtihani mwezi ujao, mimi nikachome mihogo ya kuuza na mama?"

"Na kama unaumwa kweli?"

"Nitaumwa baada ya mtihani. Wewe shoga yangu au shoga wa nani?"

Semeni akakohoa kwenye kopo lake. Akakohoa na kwenye la Tausi. Majibu yakaja: wote wazima, mhuri wa bluu, congratulations! Mama yake Tausi akaibandika karatasi ya majibu ukutani.

Tausi akafanya mtihani. Wiki mbili baadaye akatema damu kwenye beseni la mihogo. Sasa yuko wodini, anapumua kwa mashine, na daktari hamtazami mama mtu machoni.

Asubuhi moja Semeni naye akaamka shuka limelowa jasho. Akakohoa. Akaziba mdomo kwa kanga. Akakohoa tena. Hofu ikamkimbiza hadi ofisini kwa Mwalimu Mkuu, akamkuta na Sista Kalunde, akamwaga yote.

Sista akasema, "Kosa langu. Ningesimama nao dakika tano tu. Niliogopa kuchelewa kule kwingine, nako watoto wanakohoa."

Mwalimu Mkuu akasema, "Langu. Sheria niliitunga mimi. Niliogopa wasije wakaambukizana darasa zima."

Semeni akasema, "Langu. Kikohozi kilikuwa changu. Niliogopa kumpoteza shoga yangu." Akafungua ngumi. Ndani mlikuwa na kikaratasi kutoka wodini, mwandiko wa Tausi umepinda: *Msimguse Semeni. Niliomba mimi. Niliogopa mihogo.*

Mlango ukagongwa.

"Hodi! Mama Tausi hapa. Nina karatasi yenu, imeandikwa mwanangu mzima. Namtaka aliyeniandikia uzima huu."

Sista akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Semeni. Semeni akatazama kitasa, kifua kinamwasha, kikohozi amekibana kwa meno.

"Hodi!"

Nanyi mnajua desturi yetu: hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hugeuka akaenda zake. Na mama huyu angegeuka kwenda wapi na karatasi ile?

"Hodi, jamani…"

Haya, nyie mabingwa wa kuhukumu, semeni: nani alistahili kuitika "karibu"?